"Ananifanyia makusudi": mafunzo ya iSupport mikononi mwa wahudumu wa wazee

Kuna sentensi inayosikika katika makao ya wazee na katika nyumba zilizoajiri dada wa kumwangalia bibi: "Huyu ananifanyia makusudi." Amebadilishwa nguo saa mbili, saa mbili na nusu amejikojolea. Amekula, hata sahani haijaoshwa, anamwambia mgeni kwamba hajapewa chakula tangu jana. Ameombwa kwa upole ainue mkono, akajibu kwa kofi. Mhudumu akishalitamka neno hilo, mkono wake hubadilika. Kitambaa kinapita kwa nguvu zaidi, kijiko cha pili kinafika kabla cha kwanza hakijamezwa, jibu linatoka bila mzee kutazamwa usoni. Mafunzo ya akili ya hisia, yaani kuzitambua na kuziongoza hisia zako na za mwenzako, kwa wahudumu wa wazee tunayapima kwa swali moja tu: je, yanaliondoa "makusudi" kinywani mwa mhudumu, na yanaliondoa hata saa kumi alfajiri, mhudumu akiwa peke yake na wazee kumi na wawili?

iSupport ni mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa watu wanaomtunza mgonjwa wa demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, lugha na uamuzi. Yapo kwenye intaneti, na yapo pia katika kitabu kilichotolewa mwaka 2019 ambacho mtu anakipakua bure na kukichapa. Hapa tunapitia kitabu, toleo la Kiingereza, kwa sababu ndicho kinachoweza kutumika pale bando linapoisha. Kina moduli 5 zenye masomo 23: somo 1 la kuielewa demensia, 4 kuhusu kuwa mtunzaji, 3 kuhusu kujitunza mwenyewe, 5 kuhusu shughuli za kila siku kama kula, choo na usafi wa mwili, na 10 kuhusu mabadiliko ya tabia. Mgao huo ni sahihi. Kazi ya kuosha na kulisha hujifunzwa kwa wiki chache, lakini wahudumu wengi huacha kazi, au huanza kuwa wakali, kwa sababu ya zile tabia za masomo kumi ya mwisho.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya ndugu na marafiki: mke, binti, mkwe, jirani. Hakikuandikwa kwa mtu wa mshahara anayeingia zamu na kutoka, asiye na kauli juu ya mzee alale saa ngapi au dawa inunuliwe lini. Karibu kila upungufu tutakaoutaja unatokana na hapo. Hata hivyo tunakipendekeza kwa wasimamizi wa makao na kwa familia zinazoajiri, mradi wasikifundishe kwa mpangilio kilivyochapwa.

Waanze na moduli ya tatu

Wasimamizi wengi wakiona kichwa cha "kujitunza mwenyewe" huruka kwenda kwenye kuoga na kulisha, wakidhani hiyo ni sehemu ya mapumziko. Ndiyo moyo wa kitabu. Somo lake la kufikiri kwa namna nyingine linamfundisha mtunzaji kutenganisha vitu vinavyokuja kwa pamoja: tukio, wazo, na hisia. Kwa wahudumu linafanya kazi vizuri zaidi likiwekwa kwenye daftari la safu nne. Ya kwanza: kilichotokea, kama kamera ingekiona. Ya pili: wazo lililokuja hapo hapo. Ya tatu: hisia. Ya nne: maelezo mengine ya tukio lile lile yanayoweza kuwa kweli.

Mfano. Tukio: babu alinipiga kofi nilipokuwa namvua fulana. Wazo: ananidharau kwa kuwa mimi ni mfanyakazi. Hisia: hasira, na aibu kwa sababu mwenzangu aliona. Maelezo mengine: nilimpitishia fulana kichwani bila kumwambia, akaona giza, akajitetea.

Angalia kwamba safu ya nne haina utamu. Mhudumu akiandika "babu ananipenda" au "Mungu atanilipa", zoezi limeharibika, maana maneno hayo hayaelezi kofi lilitoka wapi, na kesho fulana itavuliwa vile vile. Maelezo ya kweli humwonyesha jambo la kubadilisha: amwambie kwanza, atoe mikono, kisha kichwa, au atumie shati la vifungo. Zoezi huharibika pia msimamizi akikusanya madaftari na kuyasoma. Siku ya pili tu watu wataandika anachopenda kusikia. Daftari libaki la mhudumu, na kwenye kikao azungumze anayetaka.

Kwa nini kuanzia hapa? Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, akichunguza kazi ya wahudumu wa ndege, alitofautisha njia mbili za kubeba hisia kazini: kuvaa tabasamu juu ya hasira, na kuibadilisha hisia yenyewe kwa kulitazama tukio upya. Anayevaa tabasamu kwa saa kumi na mbili huchoka vibaya, na wazee huliona. Hata mzee aliyepoteza maneno husoma kasi ya mkono na ukali wa pumzi. Ukimfundisha mhudumu sauti ya upole kabla hujaligusa neno "makusudi", umemfundisha kuvaa tabasamu.

Moduli hii ina kasoro moja kubwa. Inamshauri mtunzaji atenge muda wa mambo anayoyapenda na apunguze mzigo, kama vile moduli ya pili inavyomwambia aombe ndugu wasaidie. Dada anayelala nyumbani kwa mwajiri, mwenye Jumapili moja ya kutoka, hana muda wa kutenga, na ndugu wa mzee si ndugu zake. Kumpa ukurasa huo asome ni kumwongezea lawama. Asome mwajiri, kisha augeuze kuwa ratiba: dakika kumi za kutoka nje baada ya tukio zito, aliyepigwa asirudishwe kwa mzee yule yule saa hiyo hiyo, usiku wa kuamka mara nne ufuatwe na mchana wa kulala kweli. Tunasisitiza hili kwa sababu akili ya hisia haikai ndani ya mtu ambaye hajalala.

Ulimi wetu una mitego yake

Somo la mawasiliano katika moduli ya pili ni zuri na ni la vitendo: mkaribie kwa mbele, kaa usawa wa macho yake, mwite kwa jina, sema jambo moja kwa wakati mmoja, mpe nafasi ya kujibu. Ile nafasi ndiyo inayopuuzwa. Baada ya kuuliza, mhudumu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi jibu hufika kabla hesabu haijaisha, wakati mhudumu asiyehesabu ameshauliza swali la pili na kuliua la kwanza.

Lakini kitabu cha dunia nzima hakiwezi kujua mitego ya Kiswahili. Mtego wa kwanza ni lugha ya kitoto. "Haya, tunaoga sasa, eeh?" "Kabibi kangu, fungua mdomo, aaa." "Leo umekuwa mtoto mzuri." Mhudumu anadhani ni mapenzi. Utafiti wa Kristine Williams wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliorekodi kwa video kazi za kila siku katika makao ya wazee, ulionyesha kwamba wagonjwa wa demensia hukataa huduma zaidi wanaposemeshwa hivyo kuliko wanaposemeshwa kama watu wazima. Mafunzo aliyoyajenga juu ya utafiti huo ni vipindi vitatu vya saa moja moja, wahudumu wakitazama mazungumzo yaliyorekodiwa. Makao yoyote yanaweza kuiga kwa simu: rekodi sauti ya mhudumu peke yake wakati wa kulisha, kwa ridhaa yake, dakika tano tu, halafu aisikilize mwenyewe. Wengi hushtuka wenyewe, bila kuambiwa neno.

Mtego wa pili ni jina. Kumwita kila mwanamke "bibi" na kila mwanamume "babu" ni adabu mtaani, lakini makaoni huwafuta watu. Aliyeitwa Mwalimu miaka arobaini, au Sista, Fundi, Mama Fulani, Hajjat, huitika jina hilo hata pale jina lake la kuzaliwa limemtoka. Fomu ya kumpokea mzee iwe na mstari mmoja: watu walikuwa wanamwitaje kazini, nyumbani na msikitini au kanisani.

Wa tatu ni utani. Kwetu babu humwita mjukuu "mke wangu", naye mjukuu humjibu "mume wangu, leo umeniletea nini?" Ni utani wenye heshima yake, na wahudumu wasichana huutumia kumchangamsha babu. Kwa mzee mwenye akili timamu, sawa. Kwa yule ambaye ugonjwa umeugusa uamuzi wake, utani huo unaweza kupokewa kama ukweli, halafu akimshika mhudumu mahali pasipofaa, anaambiwa mzee mchafu. Hakuanza yeye. Somo la mabadiliko ya uamuzi, katika moduli ya tano, lifundishwe pamoja na onyo hili.

Na ipo hazina. Salamu ni miongoni mwa maneno yanayodumu muda mrefu zaidi katika demensia, kwa kuwa yamerudiwa maisha yote. Mzee asiyeweza tena kutaja watoto wake bado ataitika "marahaba". Kwa hiyo shikamoo isitolewe huku shuka inafunuliwa. Itolewe usoni, mikono ikiwa imetulia, isubiriwe marahaba, ndipo mkono uguse bega. Kuna mbinu ya Kifaransa iitwayo Humanitude, ya Yves Gineste na Rosette Marescotti, inayofundisha kugonga mlango mara tatu, kusubiri, kugonga tena, kusubiri, kisha kuingia, na kuondoka ili kurudi baadaye ikiwa mgonjwa hajaridhia ndani ya dakika tatu. Waswahili tunaijua hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipokaribishwa hurudi alikotoka. Hodi tunaipiga kwenye nyumba ya jirani, lakini kwenye kitanda cha mzee hatuipigi, ingawa kitanda hicho ndiyo nyumba pekee iliyombakia. Hodi kwenye pazia au kwenye ukingo wa kitanda haigharimu kitu, na tungeiweka kuwa sharti la kwanza la kazi.

Kuoga

Somo la usafi wa mwili ni fupi kuliko uzito wa jambo lenyewe. Katika makao, makofi na matusi mengi hutokea hapa, na sababu zake zinajulikana: baridi, aibu, maumivu ya viungo, na maji yanayomwagwa kichwani ghafla kwa kopo. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuwaogesha wagonjwa wa demensia chini ya taulo kubwa badala ya kuwaweka uchi, na ukali wakati wa kuoga ulipungua. Kwetu kanga inaweza kuifanya kazi hiyo, na mama wengi wa pwani wameoga na kanga mwilini tangu ujana, hivyo mwili wenyewe unaijua.

Andaa kila kitu kabla ya kumwambia mzee: kanga mbili, taulo moja kubwa, vitambaa vitatu, mabeseni mawili yenye lita tatu za maji kila moja, moja la sabuni kidogo na moja la kusuuzia. Maji yawe ya vuguvugu la mwili, nyuzi 37 hadi 38, yapimwe kwa kiwiko. Funga dirisha, zima feni. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe karibu na mabeseni, mbali na mzee, maana maji hupoa kabla hujafika mgongoni, na baridi ya kati ndiyo huamsha ugomvi. Maji ya moto yaongezwe kwenye beseni, yapimwe tena, ndipo yatumike.

Mfunike kanga, uanze na miguu. Funua sehemu moja, osha, suuza, kausha, funika, ndipo uende nyingine. Taja kila unachofanya kabla ya kukifanya: "Mama, sasa naosha mguu wa kulia." Mpe kitambaa kimoja ashike na ajipanguse mwenyewe popote anapofika, kwa sababu mkono wenye kazi haupigi. Uso uwe karibu na mwisho, bila sabuni, na kama anaweza aufute yeye. Sehemu za siri ziwe za mwisho kabisa, kwa kitambaa cha peke yake, chini ya kanga, kutoka mbele kwenda nyuma. Nywele zioshwe siku nyingine. Kama daktari amemwandikia dawa ya maumivu ya viungo, muuguzi apange aimeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoga.

Akisema basi, ni basi. Mwili uliooshwa nusu unaweza kumaliziwa jioni. Msimamizi anayehesabu idadi ya waliooga kabla ya saa nne asubuhi anayafuta mafunzo yote haya kwa kalamu yake mwenyewe, na hakuna somo la iSupport litakalomsaidia mhudumu anayepimwa kwa hesabu hiyo.

Tabia zinazobadilika, na mambo mawili yanayozidi kitabu

Moduli ya tano inachukua tabia moja moja: kusahau, ukali, huzuni na kukosa hamu, kukosa usingizi, kuona au kuamini yasiyokuwepo, kurudia rudia, kutembea na kupotea, na mengineyo. Kila somo lina kisa kifupi, kisha zoezi la kuchagua jibu. Hapa tuna lawama. Kwenye karatasi jibu sahihi linajulikana kwa harufu: kila mtu ataweka alama kwenye "zungumza kwa utulivu". Msimamizi avigeuze visa kuwa maigizo. Mmoja awe mzee, pamba masikioni, miwani iliyopakwa Vaseline, soksi mikononi. Mwingine amlishe uji dakika tano bila kusema neno, kisha dakika tano akisema. Atakayelishwa atakumbuka kijiko kilichotoka ubavuni bila kuonekana, na hatataka kumfanyia mtu mwingine hivyo.

Kinachotupendeza ni kwamba kitabu kinataka sababu itafutwe kabla ya jibu, na afya itazamwe kwanza. Hili lisisitizwe maradufu. Mzee aliyebadilika ghafla, kwa saa au siku chache, aliyekuwa mtulivu akawa mkali au aliyekuwa mchangamfu akalala mchana kutwa, hahitaji upole tu, anahitaji kupelekwa hospitali. Maambukizi, kukosa maji, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, dawa mpya, kuanguka usiku bila mtu kujua: vyote huja vikiwa na sura ya "makusudi". Kwa asiyeweza kusema anapoumwa, tunashauri makao yaongeze kipimo cha maumivu kiitwacho PAINAD, ambacho iSupport haikijengi ndani ya masomo yake. Kinatazama mambo matano: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2, jumla 10. Kinafanyika kwa dakika chache, wakati wa kumgeuza au kumwamsha, si akiwa amelala kimya.

Kurudia rudia kunafundishwa vizuri. Mzee anayeuliza mara ishirini kama adhana imeshaadhiniwa hatulizwi na saa ya ukutani. Swali lake ni hofu ya kupitwa. Msogezee msala, mpe tasbihi mkononi, kaa naye dakika mbili. Anayesema "nataka kwenda nyumbani" akiwa nyumbani asibishiwe, wala asidanganywe kwamba gari linakuja. Aulizwe nyumbani kuna nani, anapika nini saa hizi. Mara nyingi anachotafuta ni mama yake, au kazi ya mikono, na kupewa mboga za kuchambua au nguo za kukunja humrudisha. Anayemuulizia mumewe aliyefariki asipewe habari ya msiba upya kila asubuhi, kwa kuwa kila mara atalia kama mara ya kwanza. "Unamkumbuka sana. Alikuwa anapenda nini?" Ni kweli, na inamfikia.

Mambo mawili yanahitaji zaidi ya kitabu. La kwanza ni "umeniibia". Kwa binti wa kuzaa, tuhuma hiyo inauma. Kwa dada wa kazi ni kufukuzwa, au polisi. Kitabu kinaishughulikia kama dalili ya ugonjwa, na ni kweli, ila hakimlindi mfanyakazi. Wazee wetu wa kike hufunga pesa kwenye pindo la kanga. Kanga inafuliwa, fundo linafunguka, pesa imekwenda na mwizi ni aliyefua. Kinga ni hii: fundo lifunguliwe mbele ya bibi mwenyewe, pesa zihesabiwe kwa sauti, zifungwe hapo hapo kwenye kanga safi. Vito na simu viorodheshwe kwenye daftari la nyumba siku mhudumu anapoanza kazi, na orodha isainiwe na pande zote mbili. Familia iseme mapema, mbele ya mhudumu, kwamba inajua tuhuma hizi ni sehemu ya ugonjwa.

La pili ni uchawi. Bibi anayetembea usiku, anayezungumza na asiyeonekana, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka ya jikoni: wanawake kama huyo wameuawa Usukumani, na wazee wameuawa Kilifi, kwa kuitwa wachawi. Mhudumu anayetoka katika jamii hizo anaweza kumwogesha bibi kila siku huku anamwogopa, na hofu hiyo haiondoki kwa zoezi la kuchagua jibu. Somo la kwanza, linaloeleza kwamba demensia ni ugonjwa wa ubongo, lifundishwe na nesi anayejua lugha ya mahali hapo, na wahudumu waruhusiwe kuuliza maswali yao yote kwa sauti bila kuchekwa.

Visivyokuwemo

Zamu haimo. Ndugu hana wa kumkabidhi, hivyo kitabu hakina neno juu ya makabidhiano, wakati katika makao hapo ndipo akili ya hisia huvuja. Zamu ya usiku humwambia mwenzake kuhusu dawa, pampasi na nani hajala, basi. Ongezeni sentensi tatu kwa kila mzee aliyesumbuka: nini kilitangulia, alionekana kuhisi nini, nini kilimtuliza. "Saa tisa usiku alilia baada ya mlango kupigwa na upepo. Aliogopa. Alitulia nilipomshika mkono na kuwasha taa ya korido." Mhudumu wa asubuhi akipokea hivyo hamkuti "mzee msumbufu", anamkuta mzee aliyeshtuka usiku.

Wazee wasio na demensia hawamo pia, nao wamo wengi katika makao yetu, wakiwa wameletwa na umaskini, upweke au ulemavu. Ukimsemesha mzee mwenye akili timamu kwa sentensi fupi fupi na kumshikisha nguo za kukunja, umemtukana. Vilevile asiyesikia hudhaniwa amesahau. Kabla ya kumweka mtu kwenye kundi la iSupport, masikio yatazamwe kama yamejaa nta, na mhudumu ajaribu kusema polepole kwa sauti nzito, uso kwa uso. Kupiga kelele hakusaidii, kwa kuwa sauti hupanda juu, na sauti za juu ndizo ambazo wazee wengi hupoteza kwanza.

Msiba wa wafanyakazi haumo. Mzee anafariki alfajiri, mchana godoro linapanguswa, jioni kitanda kina mtu mwingine. Aliyemlisha miaka mitatu hana nafasi ya kukaa hata robo saa. Makao yanayotaka wahudumu wenye moyo yatenge robo saa hiyo, na yamruhusu mmoja wao kwenda maziko kwa muda wa kazi.

Kwa Waswahili wanaofanya kazi hii Marekani, iSupport ni nyongeza tu. Sheria ya shirikisho huko inamtaka msaidizi wa muuguzi katika makao awe na angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati yake za vitendo chini ya usimamizi, na kitabu hiki hakihesabiki badala yake. Kinachowafaa ni moduli ya tatu, hasa kwa wanaobeba zamu mbili mfululizo.

Leseni ya kitabu inaruhusu kunakili na kutafsiri bila kuuza, kwa sharti la kuitaja WHO kama chanzo, kutumia leseni ile ile, na kueleza kwamba tafsiri haikufanywa na WHO. Upo pia mwongozo wao wa kukirekebisha kwa mazingira ya nchi. Makao yenye wahudumu sita hayahitaji kuchapa kitabu kizima. Wiki ya kwanza wachape somo la kufikiri kwa namna nyingine, na kumpa kila mmoja daftari. Ya pili, somo la mawasiliano, pamoja na hodi na mstari wa jina. Ya tatu, kuoga kwa kanga, kila mhudumu akifunikwa na kuoshwa mguu mmoja na mwenzake kabla hajamgusa mzee. Kuanzia ya nne, tabia moja kwa wiki, wakianza na ile iliyoandikwa mara nyingi zaidi kwenye daftari la makabidhiano mwezi huo. Saa moja kwa kila kipindi inatosha, iwe ndani ya muda wa kazi, na zamu mbili zikutane.